Ghala Kuu la Harmondsworth: fremu ya mwaloni imesimamaje miaka 600, na kitako cha nguzo kikioza hurekebishwaje?

Mwambao

Salaam wakuu wa jukwaa la ujenzi.

Naandaa somo la fremu za mbao kwa wanafunzi wa useremala wa mwaka wa 2. Mfano niliouchagua ni Ghala Kuu la Harmondsworth, kijiji cha magharibi mwa London kilicho pua na mdomo na uwanja wa ndege wa Heathrow. Vipimo ninavyo: urefu mita 58.5, upana mita 11.4, kimo karibu mita 12. Kenchi ni 13, zinazoligawa jengo katika sehemu 12. Nguzo, boriti na kombamoyo ni mwaloni, mti mgumu wa Ulaya (oak), paa ni la vigae vya udongo, kuta ni mbao zilizosimamishwa wima. Liko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa tangu 1950, Daraja la I, yaani la juu kabisa.

Yanayonitatiza ni haya. Kwanza, upana wa zaidi ya mita 11 hauna ukuta hata mmoja ndani. Uzito wa vigae unashuka vipi mpaka chini? Pili, maandishi mengine yanaliita ghala la zaka, mengine yanakataa. Tatu, watu wanataja miaka ya 1424 hadi 1427 kwa uhakika mkubwa, wameijuaje? Nne, na hili ndilo wanafunzi watakalokutana nalo kazini: nguzo ya kale ikioza kitako, fundi anafanya nini bila kuling'oa jengo? Naomba vipimo na sababu, maelezo ya juujuu ninayo ya kutosha.

Fundi Tezo

Mkuu, nianze na la kwanza.

Lichukulie ghala hilo kuwa ukumbi mrefu wenye upenu kila upande, chini ya paa moja. Kila kenchi ina nguzo mbili kubwa zilizosimama ndani ya jengo, mbali na kuta za nje. Juu ya vichwa vya nguzo, kwa urefu wa jengo, umelazwa mwamba, yaani boriti ndefu inayobeba kombamoyo. Kutoka nguzo hadi nguzo, kwa upana, imelazwa boriti ya kufunga. Basi hiyo boriti haivuki mita 11.4 zote, inavuka nafasi ya katikati tu, na zilizobaki zinabebwa na penu mbili. Kombamoyo zinatelemka kutoka kileleni, zinapita juu ya mwamba, na zinamalizikia kwenye mwamba mdogo wa ukuta wa nje. Sehemu kubwa ya uzito inashuka kwenye nguzo za ndani, ndiyo maana ukuta wa nje unaweza kuwa mbao tupu za kuzuia mvua na upepo.

Wanafunzi wa pwani watalielewa hili kwa nyumba za mawe za Lamu. Pale boriti za mikoko zilikuwa na urefu wake, na chumba kikalazimika kuwa chembamba, kiasi cha mita 2.5 hadi 3, hata kikiwa kirefu namna gani. Urefu wa mti ndio unaopanga upana wa chumba. Maseremala wa Harmondsworth walikuwa na kizuizi kilekile, wakakivuka kwa kuongeza nguzo na penu.

Sasa mwambie kila mwanafunzi atazame vichwa vya nguzo. Kwenye fremu za namna hii nguzo husimamishwa kichwa chini, upande wa shina uliokuwa karibu na mizizi unakuwa juu. Shina hupanuka kuelekea chini, kwa hiyo likigeuzwa unapata kichwa kinene pale ambapo mbao tatu au nne zinakutana mahali pamoja: mwamba, boriti ya kufunga, na mikono ya mshazari inayoshika pande zote mbili. Nguzo yenye unene mmoja juu na chini ingetobolewa matundu hayo yote ikabaki ganda.

Mpangilio wa kiungo hicho ni huu. Nguzo ina ndimi mbili juu. Ulimi wa chini, ulio upande wa nje, unaingia kwenye mwamba. Ulimi wa juu unaingia chini ya tumbo la boriti ya kufunga. Boriti yenyewe inaketi juu ya mwamba kwa kiungo cha mkia wa njiwa, ili mwamba usisukumwe nje na kombamoyo. Kiungo kizuri sana, lakini udhaifu wake wameujua mafundi wengi baada ya kazi kukauka. Mwaloni hukatwa na kuchongwa ukiwa mbichi, kwa sababu ukikauka tezo na patasi hazipenyi vizuri. Ukikauka hausinyai kwa urefu, husinyaa kwa upana, na kwa kufuata mzunguko wa pete husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kiini. Mkia wa njiwa wenye upana wa milimita 200 ukisinyaa asilimia 5 hadi 8, umepoteza milimita 10 hadi 16. Mkia unalegea na mwamba unateleza kwenda nje. Kwenye ghala lolote la aina hii pima pengo la hapo kabla hujasema paa linafunguka. Huenda lilifunguka ndani ya miaka 20 ya kwanza na halijasogea tena.

Viungo vimefungwa kwa vigingi vya mti, hakuna gundi. Kigingi ni cha mwaloni mkavu uliopasuliwa kwa kufuata nyuzi. Usikubali kigingi cha msumeno, kwani nyuzi zake zimekatwa na kitavunjika kwa mshazari. Tundu la kigingi kwenye ulimi hutobolewa likiwa limesogezwa milimita 2 hadi 4 kuelekea bega la kiungo, ili kigingi kikipigwa kivute mbao mbili zikumbatiane. Ukizidisha, kigingi kinapinda na kuvunjika ndani, na kwa nje huoni kitu.

Mikono ya mshazari ndiyo inayozuia fremu isilale. Ghala lenye milango mikubwa ya kuingiza mikokoteni hupigwa na upepo hata kwa ndani, na pembetatu hizo zikikosekana jengo zima husukumika kwa urefu wake. Ukikuta fundi wa zamani ameondoa mkono ili tela au trekta lipite, umepata chanzo cha nusu ya matatizo ya jengo hilo.

Kabati la Hati

La pili ni fupi: si ghala la zaka. Zaka ilikuwa sehemu ya kumi ya mavuno ya watu wa parokia, ikienda kwa kanisa. Harmondsworth lilikuwa ghala la shamba la bwana mwenye ardhi, na mazao yaliyowekwa humo yalikuwa yake. William wa Wykeham, askofu wa Winchester, aliipata milki hiyo mwaka 1391 ili iwe chanzo cha mapato ya Winchester College, shule aliyoianzisha mwaka 1382. Kabla ya hapo ilikuwa ya watawa wa Rouen, Ufaransa. Shule ilikuwa mbali na shamba na ilihitaji fedha zaidi ya chakula, kwa hiyo nafaka nyingi ilikuwa ya kuuzwa. Ukubwa wa ghala ni ukubwa wa biashara hiyo.

Milango mitatu mikubwa iko upande mmoja, wa uani. Mbele ya kila mlango ndani palikuwa na sakafu ya kupuria. Mkokoteni unaingia, miganda inapangwa kulia na kushoto mpaka karibu na paa, halafu kazi ya kupura inafanyika kipupwe chote kidogokidogo. Nafaka haikupurwa yote kwa mkupuo baada ya mavuno. Ilikaa kwenye masuke yake, na ndiyo maana ghala linahitaji kimo na hewa kuliko kuta nzito.

Hati za shule zipo bado, na ndani yake wanatajwa maseremala wawili kuhusiana na kazi hii: William Kypping na John atte Oke. Si kawaida kuwajua kwa majina mafundi wa jengo la shamba la karne ya 15, na napenda sana wanafunzi wa useremala wasikie kwamba waliojenga wana majina.

John Betjeman, mshairi wa Uingereza, aliliita kanisa kuu la Middlesex, jimbo la zamani lililokuwa na kijiji hiki, na ukisimama katikati yake unaona kwa nini: nguzo mbili mbili, penu pembeni, ukumbi katikati, mpangilio uleule wa makanisa makubwa.

Kuhusu ulinzi, Daraja la I ni kama asilimia 2.5 tu ya majengo yaliyoorodheshwa England. Kubadili jengo la namna hiyo, ndani au nje, bila kibali ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1990, na amri ya kurudisha kilichoharibiwa haina ukomo wa muda. Lakini sheria hiyo haimlazimishi mwenye nyumba moja kwa moja kuitunza nyumba yake. Hapo ndipo Harmondsworth nusura lipotee. Mwaka 2006 lilinunuliwa kwa pauni 1 na kampuni iliyosajiliwa nje ya nchi, likakaa bila matengenezo, vigae vikateleza na mvua ikaingia. Mwaka 2009 mamlaka zilitumia kifungu cha matengenezo ya dharura, kinachoruhusu serikali kuziba paa na kutegemeza jengo lisilo na mkaazi na kumdai mwenyewe gharama. Mwaka 2012 ikatangazwa kwamba English Heritage, taasisi ya kutunza majengo ya kale, imelinunua kwa pauni 20,000. Likatengenezwa, na likafunguliwa tena mwaka 2015. Wenyeji wa kijiji wamejipanga kulitunza na kuwatembeza wageni baadhi ya Jumapili kati ya Aprili na Oktoba. Kazi yao inastahili heshima, maana mpango wa njia ya tatu ya ndege ya Heathrow umekuwa ukikining'inia kijiji chao kwa miongo.

Pete za Mti

Nichukue la tatu. Tarehe imetokana na vitu viwili vinavyokubaliana: hizo hati za shule, na kipimo cha pete za ukuaji. Miti iliyopimwa ilikatwa kati ya 1424 na 1426. Kwa kuwa mwaloni ulichongwa mbichi, hakuna miaka ya kukausha ya kuongeza. Jengo lilisimama papo hapo au mwaka unaofuata.

Kazi inavyofanyika: unatoboa kwa keekee yenye mdomo wa bomba, ulio wazi katikati, unatoa kijiti chembamba cha kipenyo cha milimita 10 hivi kutoka nje ya boriti kuelekea kiini. Unalainisha uso wake, unapima upana wa kila pete kwa hadubini, kisha unalinganisha mfululizo huo na mfululizo mkuu wa eneo husika. Mwaka wa mvua nzuri pete ni pana, wa ukame ni nyembamba, na mpangilio wa miaka 100 haujirudii. Chini ya pete 50 usijisumbue, jibu litakuwa la kubahatisha.

Wanafunzi wakumbuke gome. Ukipata sehemu ya mbao ambayo bado ina uso uliokuwa chini ya gome, unajua mwaka wa kukatwa na mara nyingi hata msimu: pete ya mwisho ikiwa na matundu ya majira ya kuchipua tu, mti ulikatwa katika majira hayo. Uso huo ukiwa umechongwa ukaondoka, lakini mpaka wa kiini na tabaka jeupe la nje unaonekana, unaongeza pete 9 hadi 41 kwa mwaloni wa kusini mwa England, na unatoa makadirio tu. Tabaka jeupe nalo likiwa limekwisha kabisa, unaweza kusema "baada ya mwaka fulani" na si zaidi. Kwa hiyo fundi anayeparua kingo za boriti za kale ili zipendeze anafuta ushahidi ambao haurudi.

Kabla ya kipimo hiki watu walikadiria umri kwa kuangalia viungo. Nenda Cressing Temple huko Essex, penye maghala mawili ya kale ya mbao, ulinganishe. Ghala la shayiri ni la mwanzoni mwa karne ya 13, na lilijengwa kwa mikono mirefu iliyonyooka inayopita juu ya mbao kadhaa, imebandikwa kwa viungo vya kukata nusu kwa nusu. Ghala la ngano la hapohapo ni la nusu ya pili ya karne hiyo, na ufundi umeshabadilika. Harmondsworth, miaka kama 200 baada ya lile la kwanza, ni ulimi na tundu, na mikono mifupi iliyopinda. Mti uliopinda kwa asili ulichaguliwa msituni kwa ajili hiyo, haukupindishwa kwa msumeno.

Mwambao

Asanteni sana wakuu. Fundi Tezo, nasubiri la nne. Na swali dogo juu yake: nimeona picha za nguzo zenye mipasuko mirefu inayoingia kidole. Hiyo si hatari? Zijazwe?

Fundi Tezo

Mipasuko kwanza. Ule unaofuata nyuzi, kutoka nje kuelekea kiini, ni wa kukauka. Umetokea mapema na nguzo inaendelea kubeba. Usijaze. Ukijaza kwa saruji au lipu ngumu, mbao ikivuta unyevu na kutanuka inasukumana na kitu kisichobonyea, na upande wa nje maji yanaingia nyuma ya kijazio yasitoke. Wa kuhofia ni mpasuko unaokata nyuzi kwa mshazari, au unaopita kwenye mstari wa vigingi vya kiungo kinachovutwa.

Kitako sasa. Harmondsworth nguzo kubwa zimekaa juu ya vitalu vya jiwe la Reigate, aina ya jiwe la mchanga la kusini mwa England, hazikufukiwa. Hiyo ni siri kubwa kuliko mwaloni wenyewe. Nguzo iliyofukiwa huoza pale inapokutana na uso wa ardhi, penye unyevu na hewa kwa pamoja. Iliyoinuliwa juu ya jiwe inakauka kila ikilowa. Basi ukikuta kitako kimeoza, usishike msumeno kwanza, tafuta kilichobadilika. Mara nyingi ni mambo matatu: ardhi ya nje imepanda kwa karne nyingi mpaka ikazidi jiwe, mtu amemwaga sakafu ya zege ikagusa nguzo, na unyevu uliokuwa ukitoka kwenye udongo wote umekosa njia isipokuwa kupanda kwenye mbao, au kigae kimeteleza na maji yanafuata kombamoyo mpaka kwenye mwamba na kushuka na nguzo. Shusha ardhi ya nje angalau milimita 150 chini ya mbao ya chini kabisa. Kata zege kuzunguka nguzo, jaza kokoto au chokaa. Bila hivyo kitako kipya nacho kitakwisha.

Pima. Kipimo cha unyevu kiwe na sindano ndefu zilizofunikwa zikabaki ncha tu wazi, maana uso wa mbao hudanganya. Chini ya asilimia 20, kuvu haiwezi kuendelea. Ikizidi hapo kwa miezi, ipo kazini, na dumuzi wa mwaloni wa kale humfuata kuvu, kwani hupenda mbao iliyokwisha kulainishwa. Funza wake hukaa ndani miaka mingi, pengine 10, kabla ya kutoka. Kunyunyizia dawa juu juu hakumfikii. Kukausha jengo kunammaliza. Kisha gonga kwa nyundo ya mti kuanzia juu kushuka, na choma kwa bisibisi nyembamba. Tabaka jeupe la nje likiwa unga, usitishike, halikuwa linahesabiwa tangu mwanzo. Hesabu kiini.

Kutegemeza: weka nguzo za muda chini ya mwamba pande zote mbili za nguzo mbovu, na nyingine chini ya boriti ya kufunga, kila moja ikiwa juu ya mbao pana za kusambaza mzigo. Jeki ziinue milimita 1 au 2, kiasi cha kupokea uzito tu. Kuna mafundi wanaotaka kunyoosha jengo hapohapo. Jengo lililoegemea kwa miaka 300 limeshatulia hivyo. Ukilivuta unavunja ndimi usizoziona.

Kata mpaka ufike mbao nzima, usizidishe. Usikate mkato ulionyooka ukaweka kipande juu ya kipande, kwani kitateleza kwa pembeni. Kiungo cha kitako ni cha nusu kwa nusu, chenye mabega yaliyoinama kidogo kwa ndani ili yasichomoke, na urefu wake uwe mara 2.5 hadi 3 ya unene wa nguzo. Nguzo ya milimita 350 inataka kiungo cha sentimita 90 hadi mita 1. Mzigo ushuke kwenye mabega, si kwenye vigingi. Vigingi 4 vya milimita 20, au bolti 2 za chuma cha pua. Usiweke chuma cha kawaida: asidi ya mwaloni inakila na kuacha weusi, na kutu inapovimba inapasua kiungo.

Kipande kipya kiwe mwaloni, nyuzi zielekee kama za nguzo ya zamani. Kwa unyevu kuna ugumu, maana mwaloni hukauka takribani milimita 25 za unene kwa mwaka, kwa hiyo pande la 350 lililokauka kabisa hulipati sokoni. Tumia mwaloni wa zamani uliookolewa kwenye jengo lililobomolewa, au kubali wa nusu ukavu, uache kichwa cha bolti kikifikika ili ukaze tena baada ya miaka 2 na 5. Wakiusahau ukazaji huo, bega linaacha mwanya na mzigo unahamia kwenye bolti.

Mwisho chonga mwaka wa kazi kwenye kipande kipya, mahali pa siri kidogo. Atakayekuja baada ya miaka 200 asidhani ni cha 1426.

Kokoto na Chokaa

Naongeza mawili. Watu hupenda kuweka karatasi ya risasi kati ya jiwe na kitako kipya wakidhani wanazuia unyevu. Asidi ya mwaloni huila risasi, na maji ya umande hukusanyika juu yake chini ya mbao. Jiwe safi lenye uso uliochongwa likateremka kidogo kwenda nje linatosha.

La pili, gundi ya epoksi. Kuna kazi chache inazofaa, kama kuokoa dari iliyochorwa ambayo huwezi kuigusa. Kwa kitako cha nguzo nje au karibu na ardhi sikubaliani nayo kabisa. Inaziba upumuaji wa mbao, na mpaka wa gundi na mbao unakuwa mahali unyevu unaposimama. Kuoza kunaanza upya sentimita chache juu ya kazi yako, ndani ya nguzo iliyokuwa nzima.

Mwambao

Nimeelewa. Je, kuegemea kwa nguzo napimaje bila vifaa vya gharama?

Fundi Tezo

Timazi na rula. Ning'iniza timazi kutoka kwenye alama juu ya nguzo, kwenye pande mbili zinazokutana, risasi ya timazi itumbukie kwenye ndoo ya maji isiyumbe. Pima umbali wa uzi na uso wa nguzo juu, katikati na chini, andika pande zote mbili. Vipimo vya juu na chini vikitofautiana, na cha katikati kikiwa kwenye mstari mmoja navyo, nguzo imeegemea. Katikati ikijitenga na mstari huo, imepinda, na chanzo chake ni kingine. Weka alama ndogo za shaba ili upime palepale kila baada ya miezi 6, kiangazi na kipupwe, kwa sababu mwaloni husogea na msimu. Usome mwaka mzima kabla ya kuandika kwamba jengo linakwenda.